Spare ya Mwanamfalme Harry: nani alikumbuka, nani aliandika?

Jalada la Spare lina sura ya mtu mmoja na jina moja: Prince Harry. Jina la J. R. Moehringer utalikuta mwishoni, kwenye shukrani. Humo anatajwa kuwa mshirika na rafiki, mtu wa kuungamiwa, na wakati mwingine mpinzani wa kubishana naye. Huyo ndiye mwandishi kivuli, yaani anayeandika kitabu kinachotoka kwa jina la mwingine. Tangu kitabu kitoke tarehe 10 Januari 2023, wapo wanaosema Harry hakuandika chochote, na wapo wanaosema maisha ni yake na kwa hiyo kitabu ni chake, hakuna zaidi. Pande zote mbili zinafunga katika fundo moja mambo manne ambayo kazi ya namna hii huyaweka mbalimbali: nani anakumbuka, nani anaunda sentensi, nani anajibu likitokea la kujibu, na nani anaamua kipi kiingie na kipi kibaki nje.

Tuanze na jina. Watafsiri walihangaika nalo kweli. Wahispania walikiita En la sombra, yaani kivulini. Wafaransa wakasema Le Suppléant, Wajerumani Reserve. Msomaji wa Kiswahili hana haja ya kuhangaika: ni spea, kama tairi lililolala nyuma ya gari likingoja jingine lipasuke. Katika familia za vyeo za Uingereza mtoto wa kwanza ni mrithi na wa pili ni wa akiba, na Harry anasimulia kwamba siku aliyozaliwa, tarehe 15 Septemba 1984, baba yake, Charles, alimwambia mama yake, Diana, kuwa sasa amempa mrithi na spea, na kazi yake yeye baba imekwisha. Yeye mwenyewe aliipata hadithi hiyo kwa kusimuliwa, maana mtoto wa siku moja hawezi kuikumbuka. Msomaji alishike hilo, kwa sababu sehemu kubwa ya kitabu imejengwa juu ya mpaka huo kati ya kilichokumbukwa na kilichosikika.

Kumbukumbu yenye matobo

Diana alifariki Paris tarehe 31 Agosti 1997, baada ya gari alimokuwa kugonga nguzo ndani ya njia ya chini ya daraja la Alma. Harry alikuwa Balmoral, Scotland, akiwa na miaka 12. Kitabu kinaeleza baba yake alivyokuja kuketi pembeni mwa kitanda, akamwita mwanangu mara kadhaa, akamweleza kuhusu ajali, kisha akatoka bila kumkumbatia. Siku chache baadaye mtoto huyo alikuwa nje ya Kasri la Kensington akishikana mikono na umati, na mikono ya watu hao ilikuwa imelowa machozi. Tarehe 6 Septemba alitembea nyuma ya jeneza mbele ya kamera za dunia nzima. Alilia mara moja tu, kaburini.

Kwa msomaji wa pwani au wa bara, kinachoshtua zaidi pengine ni kile kisichokuwapo. Hakuna tanga. Hakuna siku za kukaa chini na jamaa mkamtaja marehemu, mkalia, mkala pamoja, mkalia tena. Mtoto anarudi shule.

Kilichofuata ndicho kiini cha kitabu. Harry alijiaminisha kwamba mama yake hakufa, amejificha tu ili awakwepe wapiga picha, na ipo siku atawaita. Watoto wengi, wakifika miaka saba hivi, huwa wameshaelewa kwamba mfu harudi. Kwa hiyo mvulana wa miaka 12 anayesema mama amejificha hasemi hivyo kwa kutoelewa kifo. Anakielewa vizuri, ila hajapewa mahali pa kukipokea. Imani hiyo alikaa nayo miaka. Mwaka 2007, akiwa na miaka 23 na yuko Paris kwa ajili ya mashindano ya raga, alimwomba dereva ampitishe njia ileile kwa maili 65 kwa saa, kama kilomita 105, mwendo ambao polisi walisema gari la mama yake lilikuwa nao. Walipotoka upande wa pili aliomba wapite tena. Alitumaini safari hiyo ingefunga jambo, lakini maumivu ndiyo kwanza yakaanza.

Sasa jiweke mahali pa mwandishi aliyepewa kazi ya kuyaandika haya. Mwenye hadithi anakiri kuwa miaka mingi ya kabla ya msiba imefungwa nyuma ya ukuta. Kitabu kinasema waziwazi kwamba tarehe atahitaji kuzitafuta, kwamba mazungumzo atayatoa kadiri awezavyo bila kudai ni neno kwa neno, hasa ya miaka ya tisini, ila umtajie mahali popote alipowahi kukaa, atakuchorea mpaka misumari ya zulia. Mwandishi mzoefu akishajua mlango wa kumbukumbu uko wapi, huuliza kupitia mlango huo. Hamwulizi mtu wa namna hii alijisikiaje siku fulani. Atamwuliza kitanda kilikuwa upande gani, dirisha lilitazama wapi, nani alisimama karibu na mlango, na maneno hufuata yenyewe baada ya samani kurudi mahali pake. Ndiyo maana Spare imejaa vyumba na korido na bustani, na sura zake ni fupifupi kama mtu anayepita na kurunzi katika nyumba yenye giza.

Sentensi ni za nani?

Moehringer alizaliwa New York mwaka 1964. Ni mwanahabari aliyeshinda tuzo ya Pulitzer mwaka 2000, na mwaka 2005 alitoa kumbukumbu zake mwenyewe kuhusu kukua bila baba. Mchezaji tenisi Andre Agassi alizisoma mwaka 2006, wakati wa mashindano yake ya mwisho ya US Open, akamtafuta. Kitabu walichokitengeneza, Open, kilitoka mwaka 2009, na Moehringer akakataa jina lake lisiwekwe jaladani, akisema mkunga haendi nyumbani na mtoto. Baadaye alimwandikia Phil Knight, mmoja wa waanzilishi wa Nike. Kazi ya Harry ilimfikia mwaka 2020. Wakaanza kwa simu za video, kisha mwandishi akasafiri hadi Montecito, California, na ujumbe wa simu ukawa unapita kati yao mara nyingi kwa siku.

Hesabu inasaidia kuona ukubwa wa kazi. Mzungumzaji wa Kiingereza hutamka kama maneno 150 kwa dakika, sawa na maneno 9,000 kwa saa. Mkizungumza saa 50 mna maneno 450,000. Kitabu cha kurasa 400 hubeba kama 120,000. Yaani karibu robo tatu ya kilichosemwa haina nafasi, na robo inayobaki haiwezi kuingia ilivyotamkwa, kwa sababu mdomo hurudia, huruka, huacha sentensi katikati. Kuandika kwa mkono sauti ya saa moja humchukua mnukuzi mzoefu kama saa nne. Harry mwenyewe alisema rasimu ya kwanza ilikuwa na kurasa 800, ikashushwa hadi 400.

Kupunguza nusu kunahitaji kigezo, na kigezo cha Spare kimewekwa mwanzoni kabisa. Kitabu hakianzi na kuzaliwa. Kinaanza Aprili 2021, baada ya mazishi ya babu yake, Mwanamfalme Philip, Harry akikutana na baba yake na kaka yake, William, katika bustani za Frogmore. Hapo anagundua kwamba hao wawili kweli hawaelewi kwa nini aliacha majukumu ya kifalme akaondoka. Kitabu kizima, kuanzia usiku wa Balmoral, kinakuwa jibu la swali hilo. Huu ni uamuzi wa ufundi: kila tukio linapimwa kwa kuuliza kama linamsaidia baba au kaka kuelewa. Hata majina ya sehemu zake tatu yanafuata safari moja, yakiwa yamechukuliwa kutoka shairi la William Ernest Henley liitwalo Invictus, kutoka usiku uliomfunika mtu hadi kuwa nahodha wa roho yake.

Kosa linaloua vitabu vingi vya aina hii ni sauti. Mwandishi hodari anaweza kuandika vizuri kupita kiasi, mpaka mwanajeshi wa miaka thelathini na kitu akasikika kama profesa wa fasihi. Dawa ni kurudi kwenye sauti zilizorekodiwa na kuokota maneno ambayo mtu huyo huyatumia kweli, urefu wa sentensi zake, mizaha yake, hata matusi yake. Sentensi za Spare ni fupi, mara nyingi neno moja au mawili. Kuna wakosoaji walioona ni ulegevu, lakini nionavyo ni uaminifu kwa msemaji. Mahali pachache mkono wa mwandishi unachungulia, na kitabu hakijaribu kuuficha: ukurasa wa mwanzo una maneno ya mwandishi William Faulkner kuhusu yaliyopita, na muda si mrefu Harry anakiri kwamba aliyakuta kwenye tovuti ya nukuu.

Yote haya yasipofanywa vizuri, mwenye kitabu hukikana. Mchezaji kikapu Charles Barkley aliwahi kulalamika kwamba amenukuliwa vibaya katika kitabu cha maisha yake mwenyewe.

Mama aliyeficha kinywa, na wengine kabla yake

Mwaka 1992 mwandishi Andrew Morton alitoa kitabu kuhusu ndoa ya Diana. Diana alikana kuhusika. Baada ya kifo chake, Morton alieleza ilivyofanyika: maswali aliyaandika yeye, rafiki wa Diana aliyekuwa daktari akayapeleka Kasri la Kensington, Diana akajibu kwenye kinasa sauti, kanda zikarudi kwa mwandishi. Kule jina la mwandishi lilikuwa jaladani na msemaji akafichwa. Kwa mwanawe, miaka thelathini baadaye, msemaji yuko jaladani na mwandishi ndiye aliye kivulini. Ukivisoma vitabu hivi viwili pamoja utaona ni watu wa familia moja wakitafuta njia ya kusema nje ya ofisi ya habari ya kasri, ila mwana alikuwa na uhuru wa kuweka jina lake.

Edward wa Nane, aliyeacha kiti cha ufalme Desemba 1936, naye alitoa kumbukumbu zake mwaka 1951 kwa msaada wa mwanahabari Mmarekani, Charles Murphy.

Karibu na kwetu yuko aliyeshika kalamu mwenyewe. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said wa Zanzibar, alizaliwa Bet il Mtoni mwaka 1844. Alikuwa na miaka 12 baba yake alipofariki baharini mwaka 1856, umri uleule wa Harry, na mama yake akachukuliwa na kipindupindu mwaka 1859. Mabinti hawakufundishwa kuandika, hivyo alijifunza kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka Unguja kwa meli ya kivita ya Uingereza, akaolewa na Heinrich Ruete, Mjerumani, akaachwa mjane mwaka 1870, na mwaka 1886 kumbukumbu zake zikachapishwa Berlin kwa jina la Emily Ruete. Alisema aliwaandikia watoto wake. Anayetaka kujua kitabu cha binti wa kifalme aliyefiwa na aliyeondoka kinasikikaje bila mtu wa kati, aanzie hapo.

Likitokea la kujibu

Kwanza makosa. Baada ya kutoka, Spare ilichambuliwa mstari kwa mstari. Inasema Harry alikuwa shuleni Eton alipopata habari za kifo cha Malkia Mama, yaani mama wa Malkia Elizabeth, Machi 2002, ilhali magazeti ya wakati ule yalionyesha yuko Klosters, Uswisi, akiteleza thelujini. Inamfanya Mfalme Henry wa Sita, mwanzilishi wa Eton, kuwa babu yake wa moja kwa moja, na mfalme huyo alikuwa na mtoto mmoja tu aliyeuawa vitani mwaka 1471 bila kuacha uzao. Inataja tiketi ya ndege ya Air New Zealand kutoka Mexico hadi Uingereza, na shirika hilo likajibu kwamba halijawahi kuwa na safari hiyo.

Makosa haya si ya aina moja. La Klosters ni kumbukumbu kuteleza, jambo la kawaida kwa mtu aliyekwisha kutuonya kuhusu tarehe. La Henry ni la dawati: mtu yeyote mwenye kitabu cha historia angelinasa kabla ya uchapaji, na mhakiki wa taarifa yupo kwa kazi hiyo. La tatu ni jambo la kuthibitishwa kwa barua moja kwa shirika. Yako pia yaliyoitwa makosa bila kuwa makosa. Watu walicheka kwamba alipewa Xbox mwaka 1997 wakati mashine hiyo ilianza kuuzwa mwaka 2001. Ukisoma ukurasa wenyewe, Harry anaisimulia hadithi hiyo kisha anasema ni hadithi iliyorudiwa sana juu yake na hajui kama ni kweli.

Pili, umiliki. Uingereza ina kesi ya zamani ambayo kila mwandishi kivuli angepaswa kuijua. Steve Donoghue, mpanda farasi mashuhuri wa mashindano, alimsimulia mwanahabari visa vya maisha yake, vikaandikwa gazetini. Mwanahabari alipotaka kuvitoa tena kwingine, Donoghue akaenda mahakamani, na mwaka 1937 akashindwa. Visa vilikuwa vyake, lakini hakimiliki hulinda maneno, na maneno hakuyaunda yeye. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1988 imeongeza kitu: maneno ya mdomo nayo hupata ulinzi pindi yakirekodiwa. Kwa hiyo kanda inaweza kuwa ya msimulizi huku mswada ukiwa wa mwandishi. Ndiyo maana mkataba husainiwa kabla kinasa sauti hakijawashwa, nao unapaswa kutaja kwa maandishi: hakimiliki yote inahamia kwa nani, mwandishi ameacha haki yake ya kutajwa au la, analipwa kwa mafungu gani, nani anaidhinisha rasimu, na kanda zinatunzwa au zinaharibiwa lini.

Kipengele hicho cha mwisho kilimgeukia Harry. Katika kesi yake dhidi ya wachapishaji wa gazeti la The Sun, upande wa pili ulitaka mawasiliano yake na Moehringer, kwa hoja kwamba huenda yakaonyesha ni lini alijua habari zake zinachukuliwa kinyume cha sheria. Ikabainika kuwa ujumbe walioandikiana kwa programu ya Signal ulikuwa umefutwa. Juni 2024 Jaji Fancourt alimtaka aeleze kwa maandishi ulipotelea wapi. Kesi iliishia kwa suluhu na msamaha wa wachapishaji tarehe 22 Januari 2025, lakini funzo kwa wanaofanya kazi hii ni la moja kwa moja: mazungumzo ya kitabu si ya faragha kama ya mtu na wakili wake. Mwenye kesi mahakamani anatakiwa kuyatunza.

Tatu, siri ya uchapaji. Kitabu kilitoka kwa lugha 16 siku moja, na zuio la kutokiuza kabla ya siku hiyo lina nguvu sawa na duka lililo zembe kuliko yote. Nchini Hispania nakala ziliuzwa tarehe 5 Januari, siku tano kabla. Vyombo vya habari vikavuna vipande vyenye moto, ugomvi na kaka, idadi ya watu 25 aliosema aliwaua Afghanistan, na sura za msiba zikapita bila kusomwa. Mauzo hayakudhurika: nakala milioni 1.43 siku ya kwanza katika Marekani, Kanada na Uingereza, na milioni 3.2 duniani ndani ya juma moja. Kilichodhurika ni mpangilio. Hadithi iliyojengwa ianzie Balmoral, watu wengi waliianzia kwenye ugomvi.

Uhuru na anayechagua

Tarehe 8 Januari 2020 Harry na mkewe Meghan walitangaza kwamba wanaacha majukumu ya juu ya kifalme na watajitegemea kifedha. Machi 2021 alimweleza Oprah Winfrey kwamba familia iliacha kumgharamia na kilichomvusha ni urithi aliouachiwa na mama yake. Kitabu ni sehemu ya kujitegemea huko, na ahadi za msaada zilitangazwa pamoja nacho: dola milioni 1.5 kwa Sentebale, shirika aliloanzisha mwaka 2006 na Mwanamfalme Seeiso wa Lesotho, na pauni 300,000 kwa WellChild, shirika la Uingereza la kusaidia watoto wagonjwa.

Lakini uhuru wake nauona zaidi katika ugomvi mmoja ambao Moehringer aliuandika mwenyewe Mei 2023 katika jarida la The New Yorker. Kiangazi cha 2022, saa nane za usiku, mwandishi alijikuta akimpigia kelele mwanamfalme kwenye simu ya video. Walikuwa wakibishana kwa miezi kuhusu kisa kimoja cha mazoezi ya kijeshi. Harry alitekwa na watu waliojifanya magaidi, akafunikwa kichwa, akanyimwa usingizi na chakula, na mmoja wao akamtukana mama yake. Harry alimjibu, na jibu hilo alilitaka kitabuni. Sababu aliyoitoa inagusa: maisha yake yote watu wamemwona hana akili, na siku ile, amechoka na ameteswa, akili yake ilifanya kazi.

Moehringer alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba jibu lile linageuza kisa kuwa habari ya Harry, wakati uzito wake uko katika ukatili wa kumtumia mama aliyekufa kama silaha. Kwake kitabu cha kumbukumbu si maisha ya mtu yaliyomwagwa yote, ni hadithi iliyochongwa kutoka katika maisha hayo, kwa matukio yatakayowagusa watu wengi.

Mwenye jina jaladani ndiye mwenye neno la mwisho kwenye kurasa. Harry angeweza kusema liingie, na lingeingia. Alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema ameelewa. Kisa kimo katika Spare, pamoja na tusi lenyewe. Jibu halimo.